Kuanza yoga ya taratibu ukiwa Moshi: mwongozo wa fundi cherehani kwa anayeanza

Kwa miaka ishirini na mitatu nimekaa kwenye cherehani: shingo imeinama mbele, mabega yamepanda, kiuno hakina pa kuegemea. Ilifika mahali asubuhi nashuka kitandani nikiwa nimeshika ukuta, na sindano ikianguka chini namwomba mwanafunzi wangu aniokotee. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia aliniambia mgongo wangu haujavunjika popote, ila umekakamaa na umechoka, na kwamba nikimaliza mazoezi aliyonipa nitafute darasa la yoga ya taratibu. Nikaingia darasa la kwanza nililoliona, nikaumia bega. La pili ndilo lililonifaa, na huu ni mwaka wa nne sijaacha.

Tangu hapo wateja wanaokuja kupimwa nguo huniuliza nimefanya nini mpaka naweza kuchuchumaa kupima urefu wa suruali. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, futi ikiwa shingoni. Leo nataka nijibu kwa ukamilifu. Nawaandikia hasa wale ambao hawajakaa sakafuni miaka mingi: mama wa miaka hamsini mwenye magoti yanayolia, karani anayeshinda kwenye kompyuta, dereva, fundi mwenzangu, baba aliyestaafu. Mimi niko Moshi, lakini wa Arusha atatumia haya haya, ila aongeze blanketi. Arusha iko juu zaidi, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sakafu yake mwezi wa saba haina huruma.

Hatua ya kwanza: ujue unachokitafuta

Neno yoga limetoka kwenye Kisanskrit, na mzizi wake una maana ya kuunganisha, kufunga pamoja kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira. Kwa mtu anayeanza, vinavyofungwa pamoja ni mwili na pumzi. Unanyoosha mkono huku unavuta pumzi, unaushusha huku unaitoa. Ukikosa pumzi umebaki na mazoezi ya viungo tu. Hayo nayo ni mazuri, lakini siyo haya ninayoyaeleza.

Kuna yoga za aina nyingi, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukiona kwenye tangazo neno hatha, mara nyingi ni darasa la mkao mmoja baada ya mwingine, na mapumziko katikati. Ukiona restorative, utalala juu ya mito na blanketi dakika tano mpaka kumi kila mkao, mwili ukiachwa ulegee wenyewe. Yin nayo hufanyika chini na kwa ukimya, ila mkao mmoja unaweza kufika dakika tano na unavuta sana kwenye maungio, kwa hiyo usidanganywe na ukimya wake. Ipo pia yoga ya kwenye kiti, na ningependa watu wengi zaidi waijue: unafanya karibu kila kitu ukiwa umekaa, na mwenye magoti mabovu hana haja ya kushuka sakafuni kabisa.

Vinyasa na ashtanga, ambazo ni za mwendo wa haraka na nguvu, na yoga za joto, zinazofanyika kwenye chumba chenye joto kali, ziache kwanza. Darasa lililoniumiza bega lilikuwa la vinyasa. Mikao ilifuatana haraka, kila mara tukirudi kubeba mwili kwa mikono, na mimi nilikuwa naangalia wenzangu badala ya kujisikiliza. Mwalimu hakuniuliza lolote nilipoingia, na mimi sikumwambia lolote. Wiki tatu sikuweza kuinua pasi.

Na usiitarajie ifanye yasiyo yake. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu maumivu ya kiuno, kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa za kuanza nazo kwa maumivu ya muda mrefu. Hilo lilinipa moyo. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaochangamsha moyo, na wenye miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya mizani siku tatu au zaidi kwa wiki. Yoga ya taratibu itakusaidia kwenye mizani, ila haitachukua nafasi ya kutembea. Ukiweza kutembea kwa mguu kutoka mtaa wetu wa Soweto mpaka mjini, endelea kutembea.

Hatua ya pili: pimwa kabla hujatoa fedha

Nenda kituo cha afya upimwe presha na sukari. Haichukui muda, na majibu yake yatabadilisha namna utakavyofanya. Mwenye presha ya juu hapaswi kubana pumzi, wala kukaa kichwa kikiwa chini ya moyo. Mwenye presha ya macho, ile wanayoiita glakoma, vivyo hivyo asiinamishe kichwa. Mwenye sukari akague nyayo zake kabla na baada ya darasa, kwa sababu mtafanya peku, na kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kuwa kikubwa. Kama mifupa yako imepungua uimara, kuinama mbele kwa kukunja mgongo si kwako. Mjamzito aongee kwanza na mkunga au daktari wake, na kuanzia karibu wiki ya 20 asilale chali kwa muda mrefu. Mapumziko yake ayafanye kwa ubavu wa kushoto.

Kama maumivu ya mgongo yanashuka mpaka mguuni, mguu unakufa ganzi au unakosa nguvu, anza na daktari. Na ukiona unashindwa kuzuia haja, au umekufa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: tafuta darasa, kisha umhoji mwalimu

Katika miji yetu hii miwili madarasa hayajitangazi sana. Uliza kwenye jimu, kwenye hoteli zenye bustani, kwenye nyumba zinazopokea wageni wa mlimani na wanaojitolea, na kwa wataalamu wa fiziotherapia, ambao mara nyingi wanajua nani anafundisha vizuri. Mengine yanafanyika sebuleni kwa mtu na yanajulikana kupitia makundi ya WhatsApp tu. Ukipata mawili yanayolingana, chukua lililo karibu na nyumbani. Darasa la kubadilisha daladala mbili utaliacha mvua ya kwanza ya masika.

Kabla ya kulipa, mpigie mwalimu simu. Muulize amesomea wapi kufundisha, na kwa muda gani. Cheti cha saa 200 ndicho cha kawaida kwa mwalimu anayeanza. Ni mafunzo ya msingi, hayamfanyi kuwa tabibu. Muulize darasa lina watu wangapi, maana wakipita kumi na wawili hataona goti lako likipinda vibaya. Muulize anamfanyia nini mtu asiyeweza kupiga magoti. Swali hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mwalimu mzuri atakueleza hapo hapo njia mbili au tatu, kiti, mto, ukuta. Akikujibu kwamba utazoea tu, mshukuru ukate simu. Muulize pia kama anagusa wanafunzi kuwarekebisha, nawe useme wazi kama hupendi kuguswa. Bei iulize kwa kipindi kimoja na kwa mwezi, halafu ulipe kipindi kimoja kwanza.

Madarasa mengi hapa yanafundishwa kwa Kiingereza kwa sababu ya wageni. Usiogope. Maneno yanayorudiwa ni machache: "inhale" ni vuta pumzi, "exhale" ni toa, na majina ya mikao mengi ni ya Kisanskrit, ambayo hata mgeni kutoka London ameyakariri kama utakavyoyakariri wewe. Na mwalimu akiwa Mtanzania, mwombe achanganye Kiswahili. Wangu alikubali siku ile ile.

Kuhusu imani yako

Hili naulizwa kwa sauti ya chini, hasa na kina mama wa kanisani kwetu, na ni swali la haki. Yoga imezaliwa India, ndani ya mapokeo ya dini za kule, na si vizuri kulificha hilo. Vile vile ni kweli kwamba leo inafanywa duniani kote na watu wa imani zote kama mazoezi ya mwili na pumzi. Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 21 Juni, kwa azimio la mwaka 2014 lililoungwa mkono na nchi 177, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016.

Mimi ni Mlutheri. Nilichofanya ni kumuuliza mwalimu mapema kama darasani kuna nyimbo au maneno ya ibada. Akaniambia huanza na kumaliza kwa "namaste", ambayo ni salamu ya Kihindi, na kwamba asiyetaka kuitamka anaweza kuinamisha kichwa au kunyamaza. Wakati wenzangu wanapumzika kimya mwishoni, mimi huomba. Jirani yangu mmoja ni Mwislamu. Alichagua darasa la kina mama peke yao na hupanga muda wake usigongane na magharibi. Kama moyo wako bado hauna amani, ongea na mchungaji, padri au sheikh wako kabla ya kuanza, ukiwa umeshalitazama darasa lenyewe. Ukiendelea kusitasita moyoni, mwili nao hautalegea.

Hatua ya nne: nguo na vifaa

Hapa naongea kama fundi. Nguo ya yoga haihitaji kuwa ya dukani. Inahitaji mambo matatu: inyumbulike, isipande juu unapoinama, na isiwe na kitu kigumu mgongoni au tumboni. Dera halifai, maana ukiinamisha kichwa linakufunika uso. Taiti ya pamba yenye mnyumbuko na tisheti ndefu vinatosha. Asiyependa kubanwa avae suruali pana iliyokusanywa kwenye kifundo cha mguu. Unapochagua kwenye mitumba ya soko la Memorial, ivae juu ya nguo zako uchuchumae palepale. Mshono wa katikati ya miguu ukikuvuta, iache. Kiunoni itafutie lastiki pana ya kama sentimita nne, isiwe kamba ya kufunga fundo, kwa sababu fundo lile utalilalia. Wanaojistiri nywele wavae hijabu ya kuvuta, isiyohitaji pini.

Na nywele, jamani. Ukienda na kibuyu cha rasta kilichofungwa kisogoni, hutaweza kulala chali, na nusu ya darasa la taratibu ni kulala chali. Zifunge juu utosini au zishushe pembeni.

Mkeka wa yoga uwe na unene wa milimita tano au sita kama una magoti yanayouma. Ukiupata wa mtumba, usugue kwa kiganja: ukitoa unga au ukiteleza, umeshazeeka. Mkeka wetu wa ukindu unapendeza lakini unateleza kwenye vigae, na godoro ni laini mno, linakunyima mizani. Kama huna mkeka, mikao ya chini ifanyie kwenye blanketi mbili zilizokunjwa, na ya kusimama ifanyie peku kwenye sakafu tupu iliyo kavu.

Sasa mto mrefu, ambao ndio roho ya yoga ya taratibu. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune aliyeishi kuanzia 1918 hadi 2014, anajulikana kwa kuleta mikanda, matofali ya mbao, viti na mito darasani ili hata mgonjwa na mzee aweze kufanya mkao. Mito hiyo madukani ni ghali, na sioni sababu ya kuinunua wakati kila mtaa una fundi. Mwambie akate kitambaa kizito, jinzi au turubali la pamba, kipande cha sentimita 68 kwa 78, na miduara miwili yenye kipenyo cha sentimita 27. Aache sentimita moja na nusu ya mshono kila upande, na aweke zipu kwenye ule mshono mrefu. Utapata mto wa mviringo wenye urefu wa 65 na kipenyo cha 24. Ndani usijaze sufi, baada ya mwezi italala. Omba mabaki ya vitambaa ambayo fundi huyatupa, yakatwe madogo, yatolewe vifungo na zipu, kisha yashindiliwe kidogo kidogo kwa mkono kuanzia pembeni kwenda katikati. Umejaa vizuri pale unapoukandamiza kwa kiganja na unabonyea kidogo tu. Ni mzito, na uzito huo ndio unaoufanya usikukimbie. Wa kwangu wa kwanza nilishona usiku mmoja, na leo darasani kwetu iko tisa.

Badala ya mkanda tumia kanga. Badala ya tofali tumia kitabu kinene kilichofungwa kamba kisifunguke. Beba na shuka la kujifunika.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Usiende umeshiba. Ugali au machalari, yape muda wa saa tatu kabla ya darasa. Chai na ndizi moja, muda wa saa moja unatosha. Lakini mwenye sukari anayetumia dawa asifunge kwa ajili ya darasa, ale kama alivyoelekezwa. Kunywa maji mapema, si mlangoni.

Fika robo saa kabla. Mwambie mwalimu, tena taja kwa majina: goti la kushoto, presha, upasuaji wa mwaka juzi. Chagua nafasi kando ya ukuta, kwa sababu ukuta utakuwa fimbo yako. Zima simu kabisa, mtetemo wake sakafuni unasikika chumba kizima.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza kwenye lile darasa la pili. Mwalimu alikuwa kijana, umri wa mwanangu. Aliwapitia wakubwa mmoja mmoja na shikamoo yake, akauliza nani anaumwa wapi, ndipo akatuambia tulale chali, magoti yameinuka, nyayo chini. Mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni. "Mama, usivute kwa kifua," akaniambia, amechuchumaa kando yangu bila kunigusa. "Liache tumbo liinuke kama unga wa maandazi unavyoumuka." Nikajaribu. Mkono wa kifuani ndio uliokuwa unapanda, wa tumboni umetulia kama jiwe. Tukaendelea, kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita. Kama pumzi ya kumi hivi mkono wa chini ukainuka. Nilipotoa hewa nikaisikia inatetemeka, kama mtu aliyetoka kulia, na kiuno kikashuka kikagusa mkeka. Sikujua kwamba miaka yote ile nilikuwa nimekininginiza.

Saa nzima hatukufanya zaidi ya mikao saba. Mwishoni tukalala, mkao unaoitwa savasana, na mzee mmoja upande wa mlangoni akaanza kukoroma. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamfunika shuka, akatuacha dakika kumi kamili.

Nilichojifunza siku hiyo ndicho ninachowaambia wote: pumzi ndiyo futi. Fundi hakadirii kwa macho, hupima, na kwenye yoga kipimo hakipo kwenye mkao wa jirani. Ukiwa ndani ya mkao na unaweza kuvuta kwa nne na kutoa kwa sita bila kukwama, uko mahali pako. Pumzi ikikatika, ikibanwa, au ukijikuta unahemea mdomoni, umezidisha. Rudi nyuma kidogo mpaka irudi.

Hatua ya sita: dakika kumi na tano za nyumbani

Darasa moja kwa wiki ni zuri, lakini kinachobadilisha mwili ni kule kurudia katikati ya wiki. Siku mbili au tatu, dakika kumi na tano. Mimi hufanya alfajiri kabla ya kufagia, wengine jioni baada ya kazi.

Anza umelala chali kama nilivyoeleza, pumzi kumi. Kisha vuta goti moja kifuani, shikilia nyuma ya paja, usishike juu ya goti lenyewe. Pumzi tano, badilisha. Mkono usipofika, pitisha kanga nyuma ya paja ushike ncha zake.

Halafu geuka, piga magoti, uweke viganja chini. Huu mkao wanauita paka na ng'ombe, na kama ungeniambia nichague mmoja tu kwa anayeumwa mgongo wa kukaa, ningeuchagua huu. Viganja viwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, vidole vya mikono vimetanuka. Chini ya magoti kunja blanketi. Vuta pumzi taratibu, tumbo lishuke, kifua kifunguke mbele, macho yatazame sakafu hatua moja mbele yako, si dari. Toa pumzi, sukuma sakafu kwa viganja, mgongo upande kama paka aliyeamka, kidevu kielekee kifuani. Hapa watu wengi wanakunja shingo na kiuno tu, katikati pamelala. Mwambie mtu akuwekee kiganja katikati ya mabawa ya mgongo, nawe ujaribu kuusukuma mkono wake juu. Pakianza kusogea utashtuka, maana ni mahali ambapo hapajasogea siku nyingi. Rudia mara nane, kila mwendo ukichukua urefu wa pumzi moja nzima. Kifundo cha mkono kikiuma, funga ngumi uegemee ngumi, au fanya umesimama, viganja vikiwa mezani. Mimi katikati ya kazi hufanya hivyo, mikono kwenye meza ya kukatia.

Ukitoka hapo, rudisha makalio nyuma kuelekea visigino na ulaze kifua juu ya ule mto mrefu. Huo ni balasana, mkao wa mtoto. Magoti yakikataa, weka mto mwingine kati ya mapaja na vigimbi vya miguu. Wenye glakoma na presha isiyodhibitiwa wauruke.

Sasa kusimama, na nisikilize vizuri, kwa sababu kuinuka kutoka sakafuni ndiko kunakowaangusha watu. Ukiwa umepiga magoti, vuta kiti mbele yako, weka mikono miwili kwenye kiti, leta mguu wenye nguvu mbele, nyayo yote chini, toa pumzi ndipo usukume. Simama umeshika kiti mpaka uhesabu kumi. Kizunguzungu kikija, kaa.

Ukishasimama, fanya tadasana, mkao wa mlima. Sisi wa huku tunao mfano dirishani asubuhi mawingu yakifunguka: chini ni mpana, juu umetulia. Nyayo ziachane upana wa nyonga, uzito ugawanyike kati ya kisigino, chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Magoti yasikazwe kurudi nyuma. Mabega yashuke. Baki pumzi nane. Ukizoea, inua kisigino kimoja huku kidole kimegusa ukuta. Hayo ndiyo mazoezi ya mizani, na mtu wa miaka sabini anayahitaji kuliko kijana.

Maliza kwa kulala dakika tano, mto mrefu chini ya magoti, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, shuka juu. Kuamka, geukia ubavu, pumzika hapo pumzi tatu, jisukume kwa mkono. Usinyanyuke chali moja kwa moja.

Maumivu yapi uyasikilize

Mvuto mpana unaoenea kwenye msuli na kupungua ukitoka kwenye mkao ni wa kawaida. Uchungu kama sindano, ganzi, moto unaoshuka mguuni, au maumivu ndani kabisa ya ungio, toka taratibu na usirudie mkao huo mpaka umeongea na mwalimu. Siku ya pili misuli kuuma kidogo si tatizo. Ikiuma zaidi ya siku mbili, ulizidisha, na wiki inayofuata punguza. Kichwa kuuma au macho kuona giza, kaa chini na useme.

Kusimama kwa kichwa na kwa mabega si mambo ya anayeanza. Hata mwalimu akisema atakushika, kataa kwa heshima. Shingo ya mtu aliyebeba ndoo au kuinamia kazi miaka thelathini si ya kuwekewa uzito wa mwili mzima.

Kama fedha au upweke vinakuzuia

Kikundi chetu cha vikoba kilitatua yote mawili. Tunakutana kila Jumamosi, na tukakubaliana kumwalika mwalimu saa moja kabla ya mkutano mara mbili kwa mwezi, malipo tukigawana. Tulianza wanne kwenye ukumbi ule ule wa mikutano, tumesogeza viti ukutani, ambavyo navyo tukavitumia. Mtu akikosa anapigiwa simu. Kama una kikundi, jumuiya au kwaya, lipeleke wazo hili pale kabla ya kutafuta mahali pa mbali.

Jipe wiki nane kabla hujaamua kama inakufaa. Wiki mbili za kwanza utaona aibu na utachanganya kulia na kushoto. Kwangu usingizi ndio uliotangulia kubadilika, wiki ya tatu, kisha shingo. Kiuno kilichelewa mpaka karibu mwezi wa tatu. Masika yakikukatisha, au msiba, au msimu wa kazi nyingi kama wangu wa Desemba wakati kila mtu anataka nguo ya Krismasi kabla ndugu hawajapanda kutoka Dar, usirudi ukaanzia ulipoachia. Lala chali, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, pumzi kumi, na siku hiyo ikiishia hapo, imetosha.